Profesa wa Ulaya Anakaa Tandika

Jumatano, 1 Agosti 1990

Sebule inanuka makwapa ya Wazungu. Baba kaleta marobota mengine ya mitumba, kayapanga mpaka yameziba dirisha. Juu harufu ya dawa ya nondo, chini jasho la watu nisiowajua. Ndiyo ruksa ya biashara yenyewe hiyo! Kila kitu ruksa, isipokuwa mie kurudi darasani. Mlimani, chuo kikuu chetu, umefungwa tangu Mei, wanafunzi wote tumefukuzwa makwetu, na hakuna anayejua utafunguliwa lini. Mwaka wa pili wa fizikia, nakaa Tandika kukung'uta makoti ya watu wa baridi.

Jioni kaja Mudathir. Posa yake baba kaipokea mwezi uliopita, na mie nikakubali kwa sharti moja: nimalize Mlimani kwanza. Kaitikia mbele ya wazee wote. Kasoma Sudan, anafundisha madrasa, na Jumapili anatoa mihadhara viwanjani, watu wanajaa. Ustadhi, ustadhi! Sauti anayo, sikatai.

Tukakaa barazani, mama pembeni kama ada. Mudathir akaniuliza, kwa adabu kabisa, huko Mlimani wanasemaje kuhusu mwanzo wa ulimwengu. Moyo wangu! Miezi mitatu hakuna mtu aliyeniuliza kitu zaidi ya bei ya sketi.

Mama alikuwa anaoka mkate wa kumimina, moto chini, moto juu. Nikamwambia Mudathir, tazama. Hamira ikizidi, unga unafurika nje ya sufuria. Ikipungua, unalala kama tope. Moto wa juu ukishinda wa chini, umeungua. Basi ulimwengu nao ni hivyo hivyo. Ulipoanza kutanuka, kasi ile ingepungua kidogo tu — kidogo ambacho ukikiandika unaweka nukta, halafu sifuri mpaka mkono unachoka — vyote vingerudi vikasagana kabla nyota ya kwanza haijawaka. Ingezidi hicho hicho kidogo, vyote vingetawanyika vumbi. Hakuna nyota, hakuna udongo, hakuna mtu wa kukaa barazani akauliza.

Akasema, "Subhanallah, Bi Mwanaasha. Rudia hapo kwenye sifuri."

Nikarudia. Nimelala na furaha leo, harufu ya mitumba na yote.

Alhamisi, 9 Agosti

Redioni Kuwait, Kuwait, Kuwait. Mafuta ya taa hayapatikani.

Mudathir kaja tena. Nikamwambia ile ya juzi ni nusu tu, sikiliza nusu ya pili. Mjomba Bakari kule Mbagala alichimba visima huku na huko. Kimoja kikavu, kingine chumvi, kingine chumvi tena, mwisho akapata maji matamu, ndipo akajenga nyumba kando yake. Wanawe waliozaliwa pale wanadhani ardhi ilitengenezwa maalumu kwa ajili yao. Hawajui mashimo mengine! Sasa wapo wataalamu wanaosema labda ulimwengu si huu mmoja. Labda ziko dunia chungu nzima, kila moja na vipimo vyake, karibu zote zimekufa hata kabla ya kuanza, na sie tumo katika hii kwa sababu ndiyo pekee ambayo mtu angeweza kuwemo.

Neno lenyewe linanishinda. Ulimwengu ukiuweka katika wingi unapata malimwengu — na malimwengu ni vituko vya watu!

Nikamwambia pia kasoro ya hiyo nusu ya pili. Mashimo ya mjomba tunayaona, ukitaka unatupia jiwe. Dunia ya pili hakuna aliyeiona. Kwa hiyo hoja ya kwanza haijashinda, na ya pili haijashinda. Hatujui.

Aliangalia saa yake. "Ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi," akasema. Akachukua vipande vya mkate kwenye karatasi, akaondoka.

Jumamosi, 25 Agosti

Naandika kabla sijavua buibui.

Nimekwenda sokoni na Anjelina, mwenzangu wa chumba kule Mlimani, kwao ni hapa Temeke. Tunapita kwa wauza kanda za kaseti. Spika kubwa inaunguruma. Anjelina akanivuta, "Si mchumba wako huyo?" Nikasimama kwa majivuno. Nimesimama mie, nimetabasamu!

"Mama yangu mzazi," inasema spika, "alikuwa akioka mkate wa kumimina. Akaniambia, mwanangu Mudathir, hamira ikizidi..."

Mama yake mzazi! Yule mama hajui hata kuloweka mchele, mkate ananunua dukani, kila mtu Temeke anajua.

Ikaendelea. Kasi, vumbi, nyota, mtu wa kuuliza. Mpaka vituo vyangu vya kupumua kavichukua. Sifuri kaziongeza, zimekuwa mia. Na mwisho: "Haya, ndugu zangu, nimeelezwa kwa kinywa na profesa mmoja bingwa wa Ulaya. Mwanamume mwenye mvi, alilia machozi mbele yangu."

Takbiri. Watu walioizunguka spika nao wakaitikia.

Profesa wa Ulaya. Mwenye mvi. Mwanamume!

Visima hakuvitaja hata kimoja.

Anjelina kacheka mpaka kakaa chini. Mie nilihisi kama nimekuta unywele mdomoni, ukiuvuta unazidi kuja.

Jumapili, 26 Agosti

Nimemwuliza Mudathir. Hakukana, hakuona hata haya. Alishangaa kwamba nimeudhika.

"Ulitaka nisemeje? Kaniambia mchumba wangu wa Tandika, binti wa muuza mitumba? Nani angesikiliza?"

Nikasema lakini ni uongo.

"Elimu ni ya Mungu, Mwanaasha, haina mwenyewe."

"Na sifuri mia?"

Kazikumbuka vibaya, anasema. Na mia inakaa vizuri kwenye maiki.

"Na visima? Mbona visima umeviacha?"

"Vile vinaharibu." Akanitazama kwa huruma, kama mgonjwa. "Watu wanakuja kutiwa imani. Hawaji kutiwa wasiwasi."

Kwani imani yao ni yai? Mie naswali tano, nafunga, na visima navijua. Mungu wangu hakai kwenye desimali, kwamba mtu akifuta sifuri moja basi kaanguka. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nikanyanyua sinia la vikombe nikaingia ndani.

Jumatatu, 27 Agosti

Mama kaisikia kanda kwa jirani. Karudi kashika kiuno.

"Mkate wangu! Kampa mama yake mkate wangu!"

Nikadhani nimepata mwenzangu. Nikamwambia basi, mama, tumrudishie posa. Uso ukabadilika pale pale. Eti mkate ni mkate na mume ni mume.

Sikula.

Jumamosi, 8 Septemba

Anjelina kaja na Leodegar. Leodegar tunasoma darasa moja, kwao Bukoba, kajibanza kwa dada yake Keko mpaka Mlimani ufunguliwe. Baba aliwapokea vizuri, wakampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaenda zake sokoni.

Leodegar kaisikiliza yote kanda aliyoinunua Anjelina. Kwenye mkate tu akajua ni nani. "Hii ni Mwanaasha mtupu! Wewe ndiye uliyetuchosha na hamira ubaoni." Akacheka, nami nikacheka kidogo. Mtu amenitambua! Nilitaka kulia.

Kumbe kaja na lake. Mwisho wa mwezi Mudathir ana mhadhara mkubwa viwanjani, wa kukaribisha Maulidi, na maswali yanaruhusiwa kwa watu wa dini zote. Atasimama amwulize kuhusu dunia nyingi.

Nikamwambia asifanye hivyo.

"Kwa nini? Anaiba, namkamata."

"Wewe unaziamini hizo dunia nyingi?"

Akainua mabega. "Haina maana kama naziamini. Ni fimbo nzuri. Nataka nimwone anavyotoa jasho."

Fimbo! Nikamwambia, sasa mna tofauti gani? Yeye kachukua nusu moja ya maneno yangu, na wewe unachukua nusu nyingine. Majogoo wawili wanapigana juu ya mtama wangu, na mtama wenyewe hakuna anayeula, mnaukanyaga tu.

Akasema nimekuwa mkali siku hizi. Anjelina akasema kweli, nimekuwa mkali. Wakaondoka mapema.

Jana nilikuwa nachukizwa na mmoja. Leo wawili.

Jumanne, 18 Septemba

Baba kaniita. Kasema mengi kwa kuzunguka — umri, watu kusema, Mlimani wenyewe umefungwa, nani anajua kama utafunguliwa. Kisha kasema kwa mkato: ndoa ni mwezi uleule wa Maulidi, baada ya Maulidi yenyewe. Mudathir kaomba, wazee wamekubali.

Nikauliza sharti langu. Baba akafunga kamba ya robota, akaifungua, akaifunga tena.

Mudathir mwenyewe ndiye aliyenijibu, jioni, barazani, mama akiwa pembeni.

"Mlimani wa nini tena? Elimu unayo tayari. Utakaa nyumbani kwako kwa heshima, utanisomea, utaniandalia masomo. Mie nitayasema. Ni malipo ya akhera hayo, nusu yako, nusu yangu."

Kasema vizuri, kwa upole. Kavaa kanzu safi kama karatasi. Nikaangalia midomo yake inavyokwenda na nikaona — Mungu nisamehe — nimeona maneno yangu mwenyewe yamebandikwa kwenye meno yake kama masalia ya chakula.

Nimeoga mara mbili. Maji yenyewe ya kununua, mama kagomba.

Jumapili, 30 Septemba

Nianzie wapi!

Uwanja ulijaa mpaka barabarani. Sie wanawake upande wetu, turubai katikati, tunasikia spika na kuona vivuli. Mama kushoto kwangu, Raudha kulia — huyu ni dada yake Mudathir, mdogo wake, ana tabia nzuri, simlaumu. Mbele yetu bibi mmoja ambaye simjui, anatafuna tambuu.

Mudathir akaanza na mkate. Mama akanifinya paja, sijui kwa hasira au kwa fahari. Sifuri mia. Profesa wa Ulaya kalia machozi tena, safari hii alipiga na magoti.

Ukaja muda wa maswali. Nikaijua sauti kabla hajataja jina. Leodegar.

Aliuliza kwa adabu, nampa haki yake. Ustadhi, umesema ukiukuta mkate umeiva sawasawa basi yupo aliyepima. Je, kama nyuma ya nyumba kuna jalala, na jalalani kuna mikate elfu na elfu iliyoungua na iliyolala, ila wewe jalala hulioni? Huu ulioiva bado utashangaza?

Mudathir akacheka kwenye maiki. "Wewe ndugu yangu, hizo dunia nyingine umeziona?"

Uwanja ukalipuka. Takbiri, vigelegele upande wetu.

"Sijaziona," akasema Leodegar, akangoja watulie. "Lakini profesa wako hakukwambia? Maana kila anayefundisha hoja ya kwanza huwa anaifundisha na hii ya pili. Alisemaje juu yake?"

Spika inakoroma peke yake. Mudathir akasema swali zuri. Akasema tena, swali zuri sana. Akaomba watu wamswalie Mtume, wakaswali. Akaomba tena.

Mara Raudha ananigusa bega. Kaitwa pembeni mwa turubai, karudi na kalamu na kipande cha karatasi. Kaninong'oneza, "Kaka anasema umwandikie jibu. Upesi, wifi."

Wifi! Na mkono wangu — mkono wangu ukapokea kalamu wenyewe. Jibu ninalo, si nilimpa barazani! Mistari miwili tu na anatoka pale shujaa. Mama akasema kwa sauti ya chini, andika mwanangu, atatuaibisha.

Nikaandika: *Sema hujui.*

Raudha akakisoma, akaniangalia kwa macho makubwa, akakipeleka.

Tukangoja. Kivuli chake kwenye turubai kikainama, kikasoma, kikatia mfukoni. Kisha sauti ile tamu, ile ile: "Ndugu zangu, profesa wangu aliniambia, wanaosema dunia nyingi wamekwisha kuthibitishwa na mitambo kuwa ni waongo..."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mama kanishika buibui na mie nimeenda nalo, likanivuka begani. Nakumbuka yule bibi wa tambuu anasema, "Mpisheni." Upande wetu kuna maiki yetu, ya wanawake wanaotaka kuuliza, huwa haiguswi na mtu. Nikaigusa.

Nikasema: "Hakuna mtambo uliothibitisha. Hakuna profesa. Hoja ile nilimweleza mie, Mwanaasha binti Salumu, wa hapa Tandika. Mkate ni wa mama yangu, Naima. Na sifuri si mia."

Sauti yangu kwenye spika! Nyembamba, kama ya mbuzi. Upande wa wanaume makelele, zimeni, mtoeni, wengine wanacheka. Upande wetu bibi anapiga makofi peke yake.

Leodegar akaanza kusema, "Asante dada, kwa hiyo..." Nikamkata.

"Usinishukuru! Wewe nawe hujaona dunia ya pili hata moja. Umeichukua kama jiwe la kumpigia mtu. Jibu la swali lako ni hatujui. Wewe hujui, Ustadhi hajui, mie sijui. Mie Mungu namwamini, na simwamini kwa sababu ya desimali, na sitamwacha kwa sababu ya jalala msiloliona. Mbona mnamfanya mdogo hivyo, nyote wawili?"

Wakazima umeme wa spika. Neno la mwisho nililisema kwa sauti yangu ya kawaida tu, hata upande wa pili halikufika.

Tumerudi kwa miguu, mama mbele, mie nyuma. Hakugeuka. Baba kaniambia neno moja tu mlangoni. Sitaliandika.

Jumatatu, 1 Oktoba

Kutwa nzima nangoja waje kuvunja posa. Nimefagia, nimepanga marobota pembeni ili wazee wapate pa kukaa. Nilijiambia wakivunja nitalia kidogo kwa heshima, kisha nitakunywa chai.

Alasiri kaja mwenyewe. Hana wazee. Kaja na mfuko, na anatabasamu.

Baba kaanza kuomba radhi, Mudathir kamzuia. "Radhi ya nini, baba? Mnajua kanda ya jana imekwisha? Tangu asubuhi vijana wananigongea, wanataka ile yenye sauti ya yule binti."

Sikuelewa. Alirudia. Wananunua kwa ajili yangu. Wanabishana mitaani, wengine upande wake, wengine upande wangu. Keshafikiria yote: tutakuwa tunatoka pamoja, yeye anauliza, mie najibu nyuma ya turubai. Jina langu atalitaja. Hata mkate atasema wa mama Naima — akamwinamia mama, na mama, mama yangu, akaona haya kama mwari. Ndoa iko pale pale. Mlimani utangoja, kwani una miguu?

Akachekelea. Baba akacheka. Sijamwona baba anacheka tangu Mei.

Nikasema, "Jana ulisema uongo hadharani, baada ya kusoma karatasi yangu."

"Na wewe ukanisahihisha hadharani," akasema. "Si ndiyo uzuri wake?"

Hana hasira hata chembe! Ningemweza akiwa na hasira. Nilimtemea usoni mbele ya Temeke nzima, na yeye kalamba akaona kuna sukari.

Na jambo baya zaidi, naliandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: kwa dakika moja nilitamani. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika sokoni, visima vyote vya mjomba vikitajwa, watu wamesimama na vikapu wanasikiliza. Nilitamani kabisa! Nimejichukia.

Katoa redio kaseti kwenye ule mfuko, kaiweka juu ya robota. Kabonyeza. "Anza tu," kaniambia, "pale pa jana walipozima umeme. Ulikuwa unasema nini mwisho?"

Mama kaniangalia. Baba kaniangalia.

Nikasema naingia ndani kuchukua ushungi.

Ndipo nilipo. Mlango nimeurudisha. Kanda inazunguka huko sebuleni, naisikia inavyolia kidogo kila mzunguko, inarekodi baba akikohoa, na kijiko cha mama, na yeye akiwaambia wasiseme neno, wasiharibu. Wananingoja wote kwa utulivu kama waliomo msikitini.

Anjelina kapita asubuhi, kasema leo wanafunzi wanakutana kwa dada yake Leodegar, Keko, kupanga kwenda kudai chuo kifunguliwe. Nilimwambia siwezi, nitakuwa na wageni.

Baba ananiita. Sauti ya upole, kwa sababu ya kanda.

Ushungi upo kitandani, sijaugusa. Nimetazama chini sasa hivi nikaona nimevaa viatu vya kutokea, kamba zimefungwa zote mbili, na sikumbuki nimevivaa saa ngapi.

Ananiita tena. Nakwenda Keko, lakini mlango wa kutokea nao uko sebuleni, na lazima nipite mbele yao wote, kanda ikiwa inarekodi.